Namba Moja Inadanganya

Kaka yangu alikuwa anatokwa na jasho, na feni yote ilikuwa imemwelekea yeye. Nikasema moyoni, mtu wangu ndiye huyu.

Ujumbe aliourekodi marehemu baba ulikuwa ndani ya kompyuta yangu, pale mezani, na ulikuwa umegoma kufunguka. Kufuli lake nililibuni mwenyewe. Nadharia ya misimbo ndiyo somo ninalofundisha chuoni. Siri ya kulifungua niliigawa katika namba tano: ya mama, ya kaka, ya mdogo wetu wa kike aliye masomoni mbali, ya mjomba, na yangu. Tatu zozote zinatosha. Tukaingiza ya mama, ya kaka na yangu. Wapi!

"Labda hesabu zako ndizo mbovu, profesa," kaka akasema.

"Au kuna mtu ana lake jambo. Unaogopa baba amekusema?"

"Ebo! Mimi?"

"Nakujua vizuri. Usinifanye mtoto."

Mama akatusihi tuyaache hadi kesho. Niyaache vipi? Baba alizikwa sijamwona. Nilikuwa na kiu ya sauti yake mpaka kifua kinauma. Nikawapigia simu mjomba na mdogo wetu, wakanisomea namba zao.

Kuna jambo sikuwa nimemwambia mtu yeyote nyumbani. Zile namba ni nukta tano za mchoro mmoja uliopinda. Tatu zinatosha kuuchora upya. Lakini zikikutana zote tano na moja ikadanganya, zile nne zinaisuta. Nikabonyeza huku nimemkazia kaka macho, nangoja aumbuke.

Kompyuta ikaonyesha namba ya mama.

Nikarudia. Ya mama tena.

"Mama?"

"Niliibadilisha," akasema, macho sakafuni. "Nilikuwepo akirekodi. Amekusema wewe, mwanangu. Usifungue, nakuomba."

Nilimgeukia kaka, nikitamani anitukane nipate pa kushika. Nikaiondoa namba ya mama, nikafungua.

Baba akakohoa. Kisha ikaja sauti yake, ileile.

"Yule binti yangu nilimwomba aje akae nami siku hizi zilizobaki. Akasema ana kazi. Akanitumia kufuli, ati wenzake wasije wakayachakachua maneno yangu. Mimi sikumwomba kufuli."