Mwalimu wa Nyuma ya Mlango

Mume wangu David anaijua sheria kuliko ninavyoujua uso wangu mwenyewe, na bado mtihani wa barreau, wa kuingia uwakili, ulimwangusha mara mbili. Karatasi za kuandika alizifaulu vizuri. Kilichomwangusha ni mahojiano. Siku ya kusimama mbele ya mawakili wazee, macho yake yalishuka mpaka kwenye viatu na hayakupanda tena. Mzee mmoja akasema jambo la sheria ambalo si kweli, kwa makusudi, apate kumpima. David alijua kabisa kwamba si kweli. Akajibu, "Ndiyo, Maître."

"Juu ya nini ulimuitikia?" nilimuuliza alipofika nyumbani.

"Ni muzee, Lydie. Ningefanya je?"

Mimi ningembishia mpaka akae chini. Lakini mimi nimelelewa na mama mwanasheria. David amelelewa Lukafu, kwa baba mkulima ambaye mtoto akimjibu huku anamtazama usoni, jioni hiyo hali ugali. Malezi ya namna hiyo yanampa mtu adabu nzuri na yanamnyima toge, joho la wakili.

Mara ya tatu ilikuwa ya mwisho. Maître Paulin, ambaye David anamfanyia kazi ya ukarani, alikuwa amemwekea nafasi ya wakili mwanagenzi katika ofisi yake, na akamwambia waziwazi, "Nitakungojea hii mara tu. Kisha nitakamata muntu mwingine." Hakusema kwa ubaya. Lakini pale Katuba tunapokaa, majirani walikwisha anza kumwita Maître kama wakili kamili, nusu kwa heshima na nusu kwa kumcheka, na kila walipomwita nilimwona anavyoharakisha hatua. Nikasema basi, tutamtafutia mwalimu wake peke yake.

Wa kwanza alikuwa Maître Floribert, mwenye ofisi nzuri mjini. Somo zima alitusimulia kesi alizoshinda. David alisikiliza ameinamisha kichwa, na kwa kusikiliza mume wangu hana mpinzani. Wa pili alikuwa kijana mmoja, Clovis, aliyefaulu juzi juzi. Yeye aliwakusanya watahiniwa katika ukumbi wa kanisa na kuwaimbisha majibu wote pamoja, kama watoto wa katekisimu. David alirudi nyumbani amekariri kila kitu na hajafungua mdomo hata mara moja akiwa peke yake.

Wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliniuliza swali lile lile: "Mais Maître Agnès iko! Njo alitufundisha siye bote. Munatafuta nini tena?"

Maître Agnès ni mama yangu.

Sasa nieleze, maana asiye wa kwetu atatuona wajinga. Sisi ni watu wa kaskazini ya Katanga. Babu alikuja huku kufanya kazi ya reli, na ndani ya mizigo yake alibeba bukwe. Kwa desturi hiyo, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapishani kwenye njia nyembamba, na mmoja akimwona mwenzake anakuja, anageuka. Si chuki hata kidogo. Wanamgawana mwanamke mmoja, basi wamewekewa umbali ili wasije wakagombana. Iko siku ambapo mkwe analeta kuku na kitenge, na umbali ule unafunguliwa. Mimi nilijua kwamba siku hiyo ipo. Inafika lini, sikuwahi kuuliza.

Na jambo lingine niliseme mapema, nisisumbuliwe na maswali: hatuna mtoto. Madaktari tumewaona, novena tumesali. Nashona uniforme za watoto wa watu wengine, na kazi yangu naipenda.

Nilikwenda Makomeno kwa mama nikamwomba. Alifikiri sana, kisha akasema, "Akuye. Lakini mulango utabakia kati yetu."

Ndivyo tulivyoanza. David alikaa sebuleni akiuangalia ukuta. Mama alikaa chumbani, mlango umeegeshwa. Mimi nilikuwa kwenye kigoda katikati, na pindo za uniforme mapajani.

"Lydie, umuulize bwana yako: mupangaji halipe loyer, mwenye nyumba anamutupia bintu inje. Iko na haki?"

"David, mama banauliza..."

"Nimesikia. Uwaambie mama, hapana. Anapashwa kupita kwanza ku tribunal."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia, Lydie."

Walikuwa wamekaribiana kiasi kwamba mmoja akikohoa mwingine anasema pole, na pole hiyo nayo ilipitia kwangu. Nikavumilia somo la kwanza na la pili. La tatu nikatupa sindano. "Mi siko telefone ya muntu! Musemeshe mulango, mulango hauna bukwe!"

Halafu nikasikia mama anacheka kule ndani, na tangu siku hiyo wakawa wanausemesha mlango.

Sijui kama mliwahi kumwona mtu akizaliwa upya kwa ajili ya mbao. David aliongea! Mama alimtega kulia, akakwepa. Akamtega kushoto, akamrudishia. Sauti yake ikapanda, mikono ikaanza kuruka, na mara moja akausuta ule mlango kwamba umesahau neno muhimu katika sheria ya ndoa. Mlango ukakiri. Nilikuwa nashona huku natabasamu, na kwa siri nilianza kuwaza namna nitakavyomshonea toge yake.

Wiki chache kabla ya mtihani, David alipokwisha ondoka kurudi kazini, mama akanishika mkono.

"Hatafaulu," akasema.

"Namna gani hatafaulu? Anajibu vizuri kabisa!"

"Anajua kujibu mulango. Ile siku atakuta macho ya bantu. Leo nilimusemesha somo yote na nikafungua mulango kidogo tu, aone kivuli yangu pa chini. Ulisikia vile sauti ilikufa?"

Nilikuwa nimesikia. Nilidhani amechoka.

"Basi mutoke, mama. Akubishie uso kwa uso."

"Haiwezekane."

Hapo damu ikanipanda. Huyu ni mwanamke aliyewabishia mahakimu maisha yake yote, aliyewafundisha nusu ya mawakili wa mji huu kusimama wima. Nikamwambia hayo yote, na zaidi. "Munaogopa kuku, mama? Avocate muzima munaogopa kuku na kitenge? David ataleta kesho!"

Mama alivua miwani akaiweka kitandani.

"Unajua kuku inaletwaka siku gani?"

"Siku mukwe anapenda."

"Hapana. Inaletwaka siku ya mutoto wa kwanza. Banamukalisha nkambo, mama ya mwanamuke, pa mukeka, banamuwekea mutoto pa magoti. Pale njo anainua macho, anaona mukwe wake juu ya kichwa ya mutoto. Inafunguka vile, hakuna njia ingine." Akapunguza sauti. "Tulikufichaka ile, mi na tantine yako Joëlle. Nikifungua leo na magoti mutupu, familia yote itasikia kama Agnès hangojee tena. Na mi nangojea, Lydie."

Nilitoka nyuma ya nyumba, nikafungua bomba na kuosha mikono ambayo haikuwa michafu. Nililia kwa hasira kwanza, kisha kwa uchungu, kisha sikujua tena nalia nini. Miaka yote hii nilidhani mama anashikilia mila. Kumbe alikuwa amenishikilia mimi. Mlango ule nilioutukana ulikuwa umefungwa kwa ajili yangu, ili mtu yeyote asithubutu kusema kwamba kwa Lydie kumekwisha.

Na nikiwa palepale bombani nikatambua jambo ambalo sikuwahi kujiambia: nilikuwa nimechoka kungojewa. Kila nilipoingia katika nyumba ile, macho ya mama yalipita tumboni kwangu kabla ya kunisalimu. Alinipenda, najua. Lakini ni kazi nzito kuwa mtu anayetazamiwa kuleta mtu mwingine.

Jioni nilimweleza David. Aliweka kijiko chini.

"Tuache," akasema. "Nitafeli, haizuru. Sitaki toge ya bei ile."

"Bei ni yangu, na ni mi natoa."

"Hata mi nangojea, Lydie."

"Ungojee! Nani amekukataza? Kuku haifungake tumbo ya muntu." Akacheka bila kutaka, nami nikamshika shavu. "Lakini sitaki tena mama bafunge mulango juu yangu. Na sitaki wewe uwe karani mpaka uzeeke juu ya mutoto mwenye hatujue kama atakuya. Utaenda kuuza adabu yako kidogo, na mi nitauza aibu yangu. Tutakuwa sawa."

Alikataa siku hiyo na siku iliyofuata. Nikanunua kuku mwenyewe, nikamfunga miguu, nikamweka mezani juu ya vitabu vyake vya sheria. Akaelewa kwamba kesi hiyo ameshindwa.

Jumapili, baada ya misa, tulikuwa Makomeno; mama alikuwa amekubali nilipomwambia kwamba ni mimi mwenyewe ninayetaka. Tantine Joëlle, mdogo wake mama, ndiye aliyesimamia mambo. Yeye hakufurahi. Alikuwa ametandika mkeka sebuleni na kufunga mdomo wake kama mfuko. Mama aliketi juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, kitenge kimemfunika kichwa mpaka machoni. David alisimama karibu na mlango na kuku wake kwapani, akiangalia sakafu. Mimi nilijibanza kwenye kona karibu na kabati.

David alipiga magoti, akaweka kitenge na kuku mbele ya mkeka, akarudi nyuma. Tantine Joëlle akapokea. Ikabaki sehemu yake ya kuuliza. Nilimwona anavyotafuta namna ya kuiruka, lakini hakuijua desturi ya kuruka, alijua ile ya kuuliza tu. Akauliza kwa sauti ndogo, bila kumtazama mtu.

"Mutoto iko wapi?"

Kuku alijitikisa mara moja akatulia. Nilitamani ardhi inifiche, na nilimchukia kila aliyekuwa ndani ya chumba kile, nikianza na mimi mwenyewe niliyelitaka jambo hili.

"Lydie," mama akasema chini ya kitenge. "Kuya."

Nilikwenda. Akanishika kiuno, akanivuta chini, mimi mwanamke mzima mwenye makalio yake, akanikalisha juu ya magoti yake. Nikasema, "Mama, mutaumia." Hakunisikiliza. Akanizungushia mikono miwili kifuani.

"Mutoto ni huyu," akamwambia dada yake. "Ananitosha."

Tantine Joëlle akaanza kulia kwa sauti. Mama akainua kitenge. Juu ya kichwa changu, kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa, akamtazama mume wangu usoni. Alimwangalia kwa muda mrefu.

"Kumbe uko mwembamba vile," akasema. "Na hii sauti yote inatokeaka wapi?"

Hatukula kwanza. Mama alikataa. Alimkalisha David kwenye kiti mbele yake, magoti kwa magoti, akavaa miwani, na mama mkwe akatoweka.

"Maître, muntu iko na acte de vente ya parcelle. Amelipa, bashahidi baliona. Donc parcelle ni yake. Tunapatana?"

Hata mimi mshonaji nilijua kwamba karatasi ya mauzo haitoshi. Katika mji huu nani hajui, watu wanaponunua kiwanja kimoja wawili na watatu? David alijua pia. Nikaona macho yake yanaanza safari ya kushuka.

"Ndiyo, ma..."

Mama akapiga kofi kwenye mkono wa kiti. "Ile bintu binti yangu ametoa leo mu hii nyumba, hakuitoa juu nisikie 'ndiyo'! Uniangalie!"

Alimwangalia. Alishika kiti kwa mikono miwili, lakini alimwangalia.

"Hapana, Maître," akasema. "Acte de vente peke yake haitoshe. Iko lazima certificat d'enregistrement ya serikali."

"Na kama mi nakuambia inatosha?"

"Basi mutakuwa munajidanganya, Maître."

Tantine Joëlle akashika mdomo. Mama akacheka mpaka miwani ikateleza, akamwambia David aende kunawa mikono, wali unapoa. Walikula pamoja kwenye meza moja, wakibishana mifupa ikiwa mdomoni, na hakuna hata mmoja aliyenihitaji kupeleka neno. Niliona wivu kidogo, nakiri, ila ulikuwa wivu mtamu.

Siku ya mtihani, David alitoka nje akiwa na uso ambao sikuweza kuusoma. Nikamuuliza imekuwaje. "Nimebabishia bale bazee," akasema, na akakaa chini kwenye ngazi.

Siku ya kiapo, mama na mimi tulikaa pamoja, karibu na mbele. David alisimama ndani ya toge niliyoishona, akainua mkono wa kulia, akawatazama majaji machoni. Mama hakunigeukia. Alichukua mkono wangu, akauweka juu ya magoti yake, akaufunika kwa mikono yake miwili mpaka kiapo kikaisha.