Dungu la Prisila

Jina la Prisila halikusomwa.

Mwenyekiti Harithi alianza na nyumba za karibu na barabara, akaja za katikati, akamalizia za huku mteremkoni, na kila aliyesikia jina lake aliitika kama mtoto wa shule. Karatasi zilikuwa tatu. Zilitoka kwenye kile kishikwambi cha yule binti wa wilayani, Catherine, ambacho watu wa Nambambo walikwisha kuzoea kukiita mfumo. Mfumo ndio uliokisia nani kapoteza nini ile siku mvua iliponyesha mfululizo hadi bonde likajaa. Unaambiwa ukuta ni wa nini, paa la nini, wanakaa wangapi, halafu unalinganisha na picha ya maji iliyopigwa kutoka angani. Unatema hasara. Ndivyo wakubwa wanavyofanya kazi siku hizi, hawaji wenyewe kukanyaga tope.

"Kasmiri Mchopa," alisoma Harithi. "Wakaaji wawili. Ukuta mmoja na nusu paa. Bati kumi na mbili, mablanketi mawili."

Mzee Kasmiri aliitika huku akiangalia chini. Wawili. Alisikia watu wakigeuka. Kijiji kizima kilimzika mkewe Goreti, na mwaka wa pili sasa unakwisha.

Basi orodha ikaisha, watu wakaanza kukung'uta vumbi la makalioni, ndipo Prisila akasimama. Prisila ni mdogo wake Goreti, mwanamke mrefu, sauti yake haina haraka.

"Mwenyekiti, langu sijalisikia."

Harithi alizigeuza karatasi mbele nyuma. "Umo, mama. Huku mwisho. Bondeni: dungu. Wakaaji sifuri. Hasara sifuri."

"Dungu? Kibanda cha kulindia shamba?"

"Ndivyo mfumo unavyosema."

"Dungu lenye kabati na choo!" alidakia Adinani, fundi baiskeli, mtu asiyeweza kuacha jambo lipite hivi hivi. "Basi na mimi nahamia dunguni. Nitakuwa nafukuza ngedere huku natazama kabati."

Watu walicheka. Prisila hakucheka. Nyumba yake ya vyumba viwili ilikwenda na maji, na tangu siku hiyo analala na wajukuu wake wawili kwenye darasa la katekisimu pale parokiani, wakikunja mikeka kila asubuhi ili watoto wa mafundisho wapate pa kukaa.

Hapo Kasmiri akasimama. Kusimama na kuwasema wakubwa ilikuwa kazi yake, na aliiweza.

"Mnaona? Mnaona mambo yao? Mke wangu alikufa, gari la wagonjwa halikuja. Barabara ilikatika, hawakuja. Zahanati haina dawa, hawaji. Leo wametuletea mashine isiyojua nyumba na dungu! Mtu mzima na wajukuu wake anaitwa sifuri! Wanakaa kwenye feni huko, sisi wanatuhesabu kwa kidole!"

Wakampigia makofi. Harithi akakunja karatasi zake, akasema mwenye malalamiko amwone binti kesho, kwani saa sita mchana mfumo unafungwa, na ukifungwa hesabu inakwenda Nachingwea na hairudi.

Prisila alimpitia Kasmiri pale alipokuwa akijifuta jasho. "Asante, shemeji. Wewe ndiye umebaki wa kunisemea."

Kasmiri aliendelea kujifuta jasho hata lilipokwisha kukauka.

Maana yeye ndiye aliyesema.

Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, Catherine alipokuja kuandikisha nyumba zote ili mfumo uzijue mapema, kijiji kilimtoa Kasmiri awe mwelekezaji wake. Hakuna njia asiyoijua. Siku ya tatu walifika ukingo wa mteremko. Jua lilikuwa la kuunguza mawe, goti lake lilikuwa limevimba, na kule chini bati moja la Prisila lilikuwa linang'aa katikati ya mikorosho.

"Na kule, babu?" binti aliuliza.

"Kule ni madungu tu, mwanangu. Ya kuwingia nguruwe. Hakai mtu."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Binti akabonyeza. Wakageuka.

Goti ndiyo sababu aliyojiambia. Lakini goti lingeshuka, lilishazoea. Kisichoshuka ni lile neno alilolisema Prisila kwenye arobaini ya Goreti, mbele ya ndugu waliotoka Matambarale na Nambilanje: "Dada angepelekwa hospitali Jumatatu, siyo Alhamisi, tungekuwa naye leo." Kasmiri alijibu kwa kelele kuhusu gari na barabara na dawa, na yote aliyosema yalikuwa kweli. Ila Jumatatu barabara ilikuwa bado nzima. Jumatatu yeye alikuwa anapuliza dawa ya sulfa kwenye mikorosho, na Goreti alipomwambia tumbo linamkaza, alimwambia ngoja nimalize mstari huu. Akamaliza mistari minne.

Na mikorosho yenyewe ya nani? Ya kina Goreti. Huku shamba ni la upande wa mke, nyumba ni ya upande wa mke. Mume huja na jembe lake. Goreti alipokufa Prisila angeweza kumwambia shemeji chukua jembe lako. Hakumwambia.

Jioni ya siku hiyohiyo ya mwezi wa kumi waliandika nyumba yake mwenyewe.

"Mnakaa wangapi, babu?"

"Wawili. Mimi na Goreti." Lilitoka lenyewe, kama linavyotoka kila akiulizwa.

"Bibi yuko wapi, nimsalimie?"

"Ametoka kidogo."

Ndiyo hivyo. Aliyekufa akamwandikisha, aliye hai akamfuta.

Asubuhi alimkuta Catherine ofisi ya kijiji, amezungukwa na watu. Kasmiri alingoja wapungue. Mablanketi yake mawili aliyogawiwa jana alikuwa ameyaacha kitandani, moja limefunguliwa, moja bado limo kwenye nailoni.

"Mashine yenu ina kosa," alianza, kwa mazoea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ina kosa. Imemwita shemeji yangu dungu."

Binti hakubisha. Aliipekua, akamgeuzia kioo. "Mfumo hauna macho, babu. Unakisia kutokana na ulichoambiwa. Picha ya angani ilionyesha maji pale, lakini sisi tulishauambia hakuna mtu. Na kila sehemu imeandikwa nani aliyeelekeza. Soma hapa."

Kasmiri aliishia darasa la tatu. Aliweka kidole chini ya herufi, akaziunga moja moja, na jina lilipokamilika alikiondoa kidole haraka, kana kwamba kioo kina moto.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

Nje Adinani alikuwa bado anawachekesha watu kwa habari ya ngedere na kabati. Kasmiri aliusikia ule mzaha, akaona kwa hili wakubwa wote aliowatukana jana wamesimama pembeni, mikono safi.

"Nilidanganya, mwanangu," alisema. "Ifute."

"Kutokea hapa haifutiki. Lazima nisimame palepale, nipige picha, na aliyesema mwanzo aseme upya mwenye nyumba akisikia."

"Akisikia?"

"Ndiyo, babu. Na sasa ni saa nne."

Walishuka. Kila hatua goti liliuma, akaliacha liume. Prisila walimkuta anachimbua sufuria kwenye tope lililokauka, pale palipokuwa jiko. Akanyoosha mgongo, akamtazama binti, kisha Kasmiri.

"Karibuni. Shemeji, umemleta! Mungu akuzidishie."

"Usiniombee," alisema Kasmiri. "Mimi ndiye niliyesema hapa ni dungu. Mwezi wa kumi. Nilisimama kule juu nikasema hakai mtu."

Prisila aliiweka sufuria chini taratibu.

"Ni kwa sababu ya ile Jumatatu?"

"Ni Jumatatu."

"Nilisema uongo?"

"Hapana. Ulisema kweli."

Catherine alipiga picha za msingi uliobaki, akapima kwa hatua, akauliza bila kuinua macho, "Wakaaji?"

"Watatu," alijibu Kasmiri. "Prisila na wajukuu wawili. Kuta za udongo, bati juu. Vyote vimekwenda."

Kishikwambi kilizungusha duara lake kwa muda, kikatoa namba. Binti alimwonyesha Prisila. Hakuitazama.

"Na kwangu urekebishe," Kasmiri alisema. "Andika mmoja."

Kidole cha binti kilisita. "Bibi hajarudi?"

"Hajarudi."

Akaandika. "Kuna blanketi litatakiwa lirudi ofisini, babu."

"Halirudi," alisema Prisila. Sauti yake ilikuwa ileile, haina haraka. "Hilo la dada yangu. Wajukuu wangu wawili mliwaandika sifuri, basi litoeni kwenye hesabu yao." Kisha akamgeukia Kasmiri. "Lipeleke parokiani, uwape wajukuu. Ukishawapa uondoke. Siku nikitaka kukuona nitakuita."

"Nimesikia."

Aliinama, akaendelea kuchimba.

Kasmiri akaushika mteremko. Katikati alisimama apumue, akatafuta kwa mazoea nani wa kumlaumu, barabara, zahanati, mashine, mwenyekiti. Wote walikuwa na makosa yao, na yangengoja. Alipanda mlima mzima bila kumtaja hata mmoja.