Suruali ya Mpishi

Ndege ya jeshi ilipoanguka mlimani, kikosi chetu cha maiti kilishinda siku tatu huko kikiwashusha marehemu saba. Mimi sipandi mlima. Kazi yangu ni kupiga pasi sare watakazozikwa nazo, na kila sare naiombea kwanza, maana hata marehemu mume wangu nilimnyooshea mimi mwenyewe sare yake ya kuzikiwa.

Sita tuliwavika bila shida. Wa saba alikuwa mpishi wa kambi, mwili umeshiba kwelikweli, na kila suruali ilimgomea mapajani. Mkewe angefika saa nne. Uso wa marehemu haukuwa wa kufunuliwa. Atakachokiona mama wa watu ni sare tu.

Sajini wa kikosi chetu akanituma stoo. Mtunza stoo akavuta daftari.

"Kubwa ipo, mama. Lakini mvaaji asaini mwenyewe."

"Mwanangu, mvaaji amefariki."

"Basi alete barua ya mkuu wake."

"Ailete na miguu ipi?"

"Utaratibu ni utaratibu, mama."

Nikarudi mikono mitupu, saa nne kasoro dakika tano. Sajini akamtazama mpishi, kisha akalitazama tumbo lake mwenyewe.

"Huyu nimembeba mgongoni mlima mzima. Hawezi kunishinda kwenye suruali. Mama, geukia ukutani."

Nikageuka. Nikasikia mkanda ukifunguliwa. Suruali ile niliipiga pasi asubuhi hiyohiyo, na mpishi ilimkaa kama kapimiwa na fundi.

Mjane alipoingia, sajini alikuwa amejifunga aproni ya plastiki, ile inayofunika mbele tu, mgongo kaugandisha ukutani. Mjane akapitisha kidole kwenye mstari wa pasi.

"Tangu anioe hajavaa suruali iliyonyooka hivi."

Kisha akapepesuka. Sajini akaruka, akamdaka, akamkalisha kwenye benchi, akageuka kumchotea maji. Hapo ndipo tukaiona bukta, tena ya maua.

"Afande," mjane akasema polepole, "suruali yako iko wapi?"

Sajini, kikombe mkononi, akaonyesha kwa kidevu meza aliyolazwa mpishi.

Mjane akacheka mpaka akashika mbavu, na machozi aliyokuwa ameyazuia yakatokea humohumo.

"Huyu mume wangu kwa kuazima hajambo. Lakini hiyo hairudi."

"Hairudi, shemeji. Ni yake."

Nje, wabeba jeneza walikuwa wameshajipanga, wakimsubiri sajini awaongoze. Nikavua mtandio wangu, nikampa ajifunge kiunoni.