Kunde Zilizokataa Kupasuka

Jumanne, tarehe 14 Februari. Asubuhi jua lilitoka kali, hewa kavu, upepo hakuna. Hali nzuri kabisa kwa ganda la kunde kupasuka. Nilimshukuru Mungu, nikavuna.

Jioni hiyo nilipaswa kulithibitishia darasa letu la watu wazima kwamba kunde za malisho, hizi tunazowalimia ng'ombe, zimetokana na kunde mwitu, na kwamba kunde mwitu hizo ninazo nyumbani. Nilizitoa kichakani nyuma ya machimbo ya kokoto, nikazipanda kwenye tuta misimu sita. Mwalimu alikwisha sema: nikishindwa, narudia mwaka. Kwa umri wangu, mwaka si wa kuchezea.

Wifi yangu, mfugaji, ndiye aliyenipeleka kwa pikipiki. Aliingia darasani na gunia la majani ya ndama wake, mdomo wa gunia wazi, akaketi nyuma karibu na jiko la chai kama mkaguzi.

"Ganda la kunde mwitu likikauka hujisokota," nilianza, "likapasuka na kurusha mbegu mbali. La shambani hubaki limefunga, likimngoja mvunaji."

Nikaweka maganda yangu chini ya taa kali. Tukangoja. Mwalimu akafuta miwani. Nikasali kimyakimya. Nikasali tena, safari hii nikilitaja ganda la kushoto.

"Labda yanaona haya, wifi," sauti ikatoka nyuma.

"Mama," mwalimu akasema kwa upole wa kutisha, "hizi ni kunde za shamba. Zilitoroka tu zikahamia machimboni."

Nikaanza kuyakusanya maganda yangu. Mara, ta! Mbegu ikampiga mwalimu kwenye kipara. Ta, ta! Nyingine ikatumbukia kikombeni mwa fundi saa, mwanafunzi mwenzangu. Zilitoka guniani, pale joto la jiko lilipofika.

"Wifi, majani hayo umekata wapi?"

Akatazama dari. "Kwenye uzio wako. Ulikuwa unasali, nikaona nisikusumbue."

"Leo tu?"

"Leo, na siku nyingine ulizokuwa unasali."

"Mimi nasali kila siku."

"Ndiyo maana ndama amenenepa."

Mwalimu alikuwa ameinama guniani. "Nani alizipanda uzioni?"

"Hakuna. Zilijirusha zenyewe kutoka kwenye tuta, msimu wa kwanza."

"Na kwenye tuta, ulikuwa unapanda tena mbegu zipi?"

"Za maganda yaliyofunga. Yaliyopasuka ningevuna nini, mwalimu?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Basi wakulima wa kwanza nao walifanya hivyohivyo bila kujua. Zilizoruka ziliwapotea, zilizongoja wakazipanda. Zako huenda zilikuwa na damu ya shamba kidogo, ndiyo maana zimebadilika upesi. Umekaa unalea binti, mama mtu yuko uzioni analiwa."

"Nimefaulu?"

"Ukiniletea wiki ijayo mmea mzima wa uzioni, na mizizi yake."

Darasa zima likamgeukia wifi.

"Umebakisha?" nikamuuliza.

"Mitatu. Ile ya upande wa choo."

"Simama uahidi. Watu wote wasikie."

Akasimama, akakung'uta majani kwenye sketi, akaweka mkono kifuani. "Mbele ya mwalimu, mbele ya fundi saa na kikombe chake, naahidi: mimi na ndama wangu hatugusi uzio wa wifi mpaka afaulu. Hata akiwa anasali."