Ngege Wasiozeeka

Bernado alikuwa mkuu wetu kwenye mradi wa samaki, Musoma, mwaka 1992. Sijapata kuona mtu aliyefunga tai vizuri hivyo huku kichwani hamna kitu kiasi kile. Ngege, samaki wetu wa asili, walikuwa wameshatoweka ziwani, sangara kawamaliza. Waliobaki walikuwa kwenye mabwawa mawili, moja njia ya Butiama, jingine upande wa Bunda. Kazi yangu ilikuwa kuiuliza kompyuta wale wa Butiama wangedumu hadi lini.

Bernado alinikataza kuweka umri kwenye hesabu.

"Hyasinta, dada yangu, samaki hazeekagi. Inakuaga kubwa tu. Usituharibie mradi."

Bila umri, kompyuta ikatoa miaka mia moja. Alipotoka, nikaweka umri. Bwawani hakukuwa na wadogo, ni mibaba na mimama mitupu, na kompyuta ikawapa miaka minne. Nikamwomba dizeli, gari likalete ngege wachanga kutoka Bunda kabla hawa hawajazeeka kabisa. Dizeli siku hizo ilikuwa ya kubembeleza. Akanijibu kwamba wafadhili wanakuja, gari litakwenda Kiabakari kufuata bia. Nilimdharau mpaka nikaona aibu kwa niaba ya mama yake.

Wafadhili wakaja. Bernado akawaonyesha mchoro wa miaka mia moja, wakapiga makofi kama watoto wa chekechea. Kumbe asubuhi alishaagiza bwawa la Butiama livuliwe kwa ajili ya chakula chao, maana kwake sangara si chakula cha mgeni. Wavu ulizoa karibu wote.

Niliwakuta jikoni kwa Wankyo, mpishi wetu, wamejaa beseni. Ngege jike hubeba mayai na watoto mdomoni, na ule ulikuwa msimu wake. Nikawafungua midomo, mmoja baada ya mwingine.

"Hata mmoja hana?" Wankyo akauliza.

"Hata mmoja. Wameshazeeka."

Nilitaka kulia, nikaishia kutukana.

Mezani, Bernado alikuwa akinyonya kichwa cha ngege, mchuzi umemchuruzika hadi kwenye tai, akiwaambia wageni kwamba hata wajukuu zao watakuja kumla samaki huyu. Akanisukumia sahani tupu.

"Dada, zipo zingine?"

"Iulize kompyuta," nikamjibu.