Kamusi Ina Kura Moja

Nyumbani kwetu Likoni samaki mdogo wa kukaanga anaitwa kisugudi, na ukienda kumwulizia kwa jina hilo sokoni utachekwa, maana hakuna mtu mwingine duniani anayemwita hivyo. Jina lilitoka kwenye mchezo. Mama mkwe wangu, Bi Mwanarehema, ana kamusi nene iliyopoteza jalada, na Jumapili alasiri wanawe wakija kumwona huitisha vikaratasi. Mmoja anakuwa msomaji. Anatafuta kwenye kamusi neno ambalo hakuna anayelijua, na wengine kila mmoja anabuni maana yake na kuiandika kwa lugha kavu ya vitabu, ili ionekane kweli. Msomaji anaichanganya maana ya kamusi na zile za uongo, anazisoma moja moja bila kucheka, na baada ya kila moja anauliza, "Nani anaiamini?" Unainua mkono mara moja tu, na karatasi yako mwenyewe huiinulii.

Kwa Bi Mwanarehema kuna sheria ya ziada. Maana iliyopata mikono mingi ndiyo maana ya neno, kitabu kiseme kitakalo. Siku ya kisugudi yeye aliandika, "Samaki mdogo asiyeliwa na watu wenye heshima zao," tukamwamini wote, kisha kamusi ikasema ni kiwiko cha mkono. Aliikodolea macho kama mtu aliyeuziwa nazi mbovu.

"Kiwiko? Kiwiko ni kiwiko," alisema. "Kitabu hiki kimeandikwa na watu wa bara. Kina kura moja, kama mtu yeyote humu ndani."

Mtu wa bara humu ndani ni mimi peke yangu. Naitwa Winfred, kwetu ni Mwingi. Mume wangu Abdulghani anaendesha lori kutoka Changamwe hadi Malaba, na akiwa barabarani, ambako ndiko aliko siku nyingi, nyumba inabaki na mimi na mamake. Miaka ya mwanzo Kiswahili changu kilikuwa kitoweo chao. Nikifungua mdomo tu, watu wanashika mbavu. Kwenye mchezo nililipiza. Nilijifunza kuongopa kwa lugha ya kamusi kuliko wote, na mama mkwe alikuwa akinipiga paja na kusema, "Huyu wa bara ni hatari." Nilimpenda kwa hilo. Bado nampenda, na nalisema mapema kwa sababu yanayofuata hayapendezi.

Mwaka jana alianguka bafuni akavunjika nyonga. Tangu hapo hasimami bila kushikwa. Niliacha kazi yangu ya kushona kule Bombolulu, tukasema ni kwa muda. Ninamwamsha, ninamwosha, ninambadilisha pampasi, ninamgeuza asipate vidonda, ninampikia, ninafua, na nikianika ya mwisho ananiita. Kuna asubuhi nilijikuta nimesimama jikoni na sufuria mkononi, sikumbuki kama maji ni ya chai au ya kumwogesha. Watu wakiniuliza hali nawajibu kwamba tunashukuru.

Wifi yangu Asmaa, binti mkubwa, anakaa Mkomani, na Jumapili huja na keki. Akichelewa ni feri. Asipokuja ni feri. Shemeji Ismail, kitinda mimba, ni mhudumu wa hoteli Shanzu. Yeye huja akambusu mamake mkono, akamchekesha mpaka machozi, akaondoka pampasi haijajaa. Sisemi ni watu wabaya. Nasema wanakuja kama wageni, na mgeni hupewa chai, basi na chai yenyewe naipika mimi.

Wiki iliyopita nilimwambia mume wangu kwenye simu kwamba siwezi tena, mama akakae kwa Asmaa japo kwa muda. Nikasikia lori likinguruma, kisha akasema, "Zungumza nao." Jumapili ikafika nikazungumza nao, jikoni, kwa sauti ya chini, huku nachuja chai. Asmaa akasema kwake kuna ngazi. Ismail akasema mama akihamishwa atakonda. Nikasema hata mimi nimekonda.

Hapo sauti ikatoka ukumbini. "Nimevunjika nyonga, sikuvunjika masikio! Ndooni hapa. Leteni vikaratasi."

"Mama, si wakati wa mchezo," Asmaa alisema.

"Nani kasema mchezo? Swali la leo ni Mwanarehema akae wapi. Andikeni. Msomaji ni mimi."

Tukakaa mkekani mbele ya kiti chake. Nilijua la kuandika: Mama aende kwa Asmaa. Maneno manne tu, na mimi ndiye bingwa wa kuandika. Lakini nilimwinulia macho, nikaona mabutu niliyomsuka asubuhi ile, membamba na meupe, na biro ikakataa. Nikaandika "Mama a", nikakata. Ismail alikuwa ameshamaliza, anakohoa. Mwishowe niliandika neno moja, nikakikunja kikaratasi mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Bi Mwanarehema alizichanganya karatasi zetu tatu mapajani mwake, akavaa miwani.

"'Mama abaki Likoni alikozoea. Winfred anamjua kuliko sisi sote.' Nani anaiamini?"

Ulikuwa mwandiko wa Asmaa, ninaujua hata kwa mbali. Ismail aliinua mkono.

"'Mama abaki nyumbani kwake, na sisi sote tutasaidia kwa zamu.' Nani anaiamini?"

Asmaa akainua wake. Hiyo ilikuwa ya Ismail, na ilikuwa nzuri, nakubali: fupi, kavu, na ina zamu ndani yake. Siku nyingine ningemsifu. Siku hiyo, kwa hasira, niliinamia mikono yangu iliyochubuka kwa sabuni.

"'Nimechoka.'"

Aliisoma kama alivyozisoma zile nyingine, bila kupandisha sauti wala kuishusha. Nilitamani mkeka unimeze. Kuandika ni rahisi. Kulisikia likisomwa na mtu unayemwosha ni jambo jingine kabisa.

"Nani anaiamini?"

Asmaa alikuwa akikata keki ambayo ilikuwa imeshakatwa. Ismail alitoa simu akaitazama, na sikusikia ikilia. Mimi sheria hainiruhusu. Kisha Bi Mwanarehema akainua mkono wake mwenyewe, polepole, mpaka ukafika juu ya kichwa.

"Mama, msomaji hapigi kura," Asmaa alisema.

"Sheria nilitunga mimi. Na anayenyanyuliwa kila siku ni mimi, pumzi zake nazisikia hapa shingoni. Wallahi naiamini."

"Basi ni sare," Ismail alisema. "Kila karatasi ina mkono mmoja."

"Sare na iwe sare. Asmaa, nitolee buibui langu. Leo tutavuka jua lingalipo. Ismail atanipandisha hizo ngazi. Nimesoma hapa anataka zamu."

Adabu ilinitaka niruke niseme, "La, mama, huendi popote." Yeye mwenyewe alinipa nafasi. Alinitazama juu ya miwani, akangoja, na tulijuana vya kutosha kwamba kama ningesema angebaki. Sikusema. Nilisikia furaha, furaha ya kweli kabisa, ikinipanda kifuani, na nikaichukia wakati huohuo, lakini mdomo sikuufungua. Akaondoa macho yake kwangu, akaanza kukusanya vikaratasi.

Asmaa alileta buibui, wakamvisha akiwa amekaa. Kisha akainama, akamkumbatia mamake mabegani na kuvuta. Bi Mwanarehema aliguta kwa maumivu. Asmaa akamwachia, akasimama pale mikono ikining'inia, mtu mzima mwenye watoto wake watatu, macho yamejaa machozi. Alinigeukia. Hakujua amshike mamake wapi.

Nikainuka.

"Goti lako liweke katikati ya magoti yake," nilimwambia. "Mkono mmoja kwapani. Huu mwingine nyuma ya kiuno, upande usiouma. Sasa unamwambia, 'Mama, twende,' halafu unangoja. Usimwinue kabla hajasema bismillahi."

"Mama, twende," Asmaa alisema kwa sauti nyembamba.

"Bismillahi," alisema Bi Mwanarehema.

Akasimama. Asmaa aliyumba, akajishikiza, uzito wote ukiwa juu yake. Mimi nilibaki nyuma yao nimenyoosha mikono, tayari kumdaka, na walipofika mlangoni bado nilikuwa nimeinyoosha.