Noti Mbovu ya Polka

Numa alikuwa na masanduku ya muziki thelathini nyumbani kwake Sainte-Croix, na mkewe alishasema la thelathini na moja litalala nje kwenye theluji. Hata hivyo alilileta, kutoka mnadani Basel, limebanduliwa kibao cha jina la mtengenezaji.

Alikuwa na sababu. Mama yake, Zélie, mwenye miaka themanini na minane, alikutana na mumewe kwenye dansi mbele ya sanduku kama hilo kwenye hoteli ya L'Auberson. Hoteli ilipofungwa, sanduku liliuzwa, halikuonekana tena. Na Jumatatu Mama alikuwa anahama hapo kwa Numa kwenda nyumba ya wazee. Numa alitaka aende na jibu: ndilo, au silo?

Rafiki yake Edgar akaja na rula na lenzi. Akapima sahani ya chuma inayozunguka na kupiga wimbo, akahesabu matundu ya ukingoni, akachungulia meno ya chanuo yanayotoa sauti.

"Ni la hapa hapa kwetu, hilo halina ubishi," akasema. "Lakini yalitengenezwa mamia, ndugu yangu. Mdanganye tu mama, mwambie ndilo."

"Mama yangu? Jaribu wewe, mimi nikuangalie."

Wakaipiga ile sahani, moja tu iliyokuja na sanduku. Polka, wimbo wa dansi, ikatiririka vizuri, kisha katikati noti moja ikakwaruza, kama mtu aliyeitikia salamu isiyo yake. Numa akaigeuza sahani. Kijino kimoja cha kugusa chanuo kilikuwa kimekaa pembeni ya mstari wake. Aliyeitoboa aliteleza mkono.

"Aibu hiyo," Edgar akasema. "Kikate. Dakika moja tu."

Numa hakuweza kuona kitu kimepinda akakiacha. Akachukua tupa.

"We Numa!" Mama akaita kutoka jikoni, alikokuwa akikwangua viazi. "Mbona umezima? Ndio kwanza napata joto!"

"Narekebisha, Mama. Kuna noti mbovu."

Kiazi kikadondoka jikoni. Kisha ndara zikaburuzwa haraka kuliko kawaida yake.

"Usiguse! Irudishe hiyo sahani."

Akairudisha. Mama akaegemea mlango, vidole vimelowa maji ya viazi. Polka ilipokaribia katikati, akainua mguu, akaukita sakafuni sawia na ile noti, hata isisikike kabisa. Mzunguko wa pili, vivyo hivyo.

"Hoteli nzima tulikuwa tunafanya hivi," akasema. "Watu arobaini, kishindo kimoja, kuificha ile aibu. Baba yako alikuwa mgeni, akachelewa. Paa! Peke yake. Nilimcheka mpaka ikabidi nicheze naye."

Edgar akaitia rula mfukoni taratibu. Numa akaiweka tupa mezani. Ndilo, na nusura akikate kile kijino.

"Kaza ufunguo tena," Mama akasema, akimshika kwa ule mkono uliolowa. "Njoo ukite na wewe."

Akakita. Akachelewa, na Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka.